Barua Arobaini na Tatu za Mhariri

Kwanza niseme wazi kwamba nina kinyongo. Nimefanya kazi na mtu huyu miaka kumi na tisa, kiti chake cha kunyolea na changu vikitenganishwa na meza moja ya poda na spiriti, na miaka yote hiyo alinificha jambo moja kubwa, nami nisilione. Kwa hiyo ukiona nachomekea neno la uchungu hapa na pale, nivumilie.

Tunamwita Mhariri. Jina hilo lilitokana na gazeti. Kila asubuhi alilinunua kwenye kibanda cha kona, akalikunja mara mbili, akaliweka juu ya kiti chake. Mteja wa kwanza akishafungwa shuka shingoni, alikabidhiwa lile gazeti. "Nisomee, bwana, mimi mikono yangu ina kazi." Mteja akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti huku akinyolewa. Wa pili alipewa ukurasa wa pili. Kufika alasiri gazeti lilikuwa limekwisha lote, pamoja na matangazo ya vifo na ya mabati. Wapo walionung'unika kwamba wanalipa na bado wanafanyishwa kazi, lakini walirudi tu, maana mkono wake ni mwepesi, hilo siwezi kumnyima.

Na kumbukumbu yake! Ungemuuliza Ijumaa habari ya Jumatatu, angekutajia mpaka picha iliyokuwa chini yake. Watu wakibishana barabarani, neno la mwisho lilikuwa, "Twende kwa Mhariri." Mimi nami nilivimba kichwa kwamba nafanya kazi na msomi. Fomu za leseni nilizijaza mimi, kwa sababu yeye aliniambia mwandiko wake ni mbaya. Nikaamini. Mtu mzima na akili zangu.

Jioni alilibeba gazeti kwapani na kwenda kumsomea mkewe. Shemeji haoni tangu kuzaliwa. Amesoma shule ya wasioona, anasoma nukta nundu kwa vidole haraka kuliko mimi ninavyosoma kwa macho, na anapiga taipu bila kukosea. Kazi yake ni kupokea simu katika hospitali kubwa. Ukipiga pale, sauti ya kwanza utakayoisikia ni yake, na namba zote za ndani, za wodi, maabara, mochwari, jikoni, anazo kichwani. Siku moja nilimtania Mhariri mbele yake nikasema, "Ah, mwenye macho haambiwi tazama." Nilipojishtukia nilitamani ardhi ipasuke. Shemeji akacheka na kusema, "Mwambie tu, shemeji. Huyu kila siku haambiwi, na kila siku anaacha viatu mlangoni nijikwae."

Basi, zikaja hizi simu za kuperuzi. Wateja wakaanza kuingia na simu mkononi, wanaketi, wanainamisha shingo. Kinyozi yeyote atakwambia shingo iliyoinama ni adui wa kazi. Lakini Mhariri aliumia kwa namna nyingine. Akimpa mtu gazeti, mtu anasema, "Habari zote ziko humu, mzee," na anazisoma kimya kimya, kidole gumba kikipanda na kushuka. Mhariri akasimama nyuma yake na mashine inanguruma, haambulii hata kichwa cha habari. Ilifika siku gazeti linaondoka jioni kama lilivyokuja asubuhi. Akakonda. Nikadhani ni vidonda vya tumbo, nikamshauri apunguze chai.

Kisha binti yao, anayefanya kazi mbali, akamtumia mama yake simu inayosema. Unaielekeza kwenye maandishi, inapiga picha, halafu sauti ya mwanamke asiyewahi kukasirika maishani mwake inakusomea. Jamani, nilimwona Shemeji na furaha ile, na sijui kama nimewahi kufurahia kitu kiasi hicho. Alisoma boksi la dawa ya meno pande zote sita. Alisoma maelezo ya vidonge vya mgongo alivyokuwa akimeza miaka minne, akagundua vinapaswa kumezwa baada ya kula, si kabla. Alisoma ubao wa matangazo kazini akakuta kuna likizo za siku za mafunzo ambazo hakuna aliyewahi kumwambia. Akaja mpaka kwetu, akaielekeza simu ukutani, ikatangaza mbele ya wateja wanne kwamba leseni ya duka hili ilimalizika mwaka juzi. Karatasi ile nilikuwa naipangusa vumbi kila Jumamosi!

"Shemeji," akaniambia, "unaisoma au unaipamba?"

Kila mtu alicheka isipokuwa Mhariri.

Alhamisi moja akaja kazini mapema kuliko mimi, kitu ambacho si kawaida yake. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha wateja, anajitazama kwenye kioo. Nikamuuliza kuna msiba gani.

"Anataka barua," akasema.

"Nani? Barua gani?"

"Mke wangu. Alizoniandikia tangu tulipokuwa wachumba. Anasema hajawahi kuzisoma. Akishachapa karatasi, kwake imekwenda, hawezi kuirudia. Sasa ana simu. Jumapili nimtolee zote, tukae tuzisikilize pamoja, nimwambie ipi niliipenda zaidi."

"Sasa shida iko wapi? Umezipoteza?"

"Zipo. Arobaini na tatu. Ziko kwenye boksi la viatu." Akageuka kutoka kwenye kioo. "Sijui kusoma."

Nikamuuliza, na gazeti? Akasema, wateja. Na ile habari ya mahakama uliyonieleza juzi neno kwa neno? Wateja. Fomu za leseni? "Wewe." Shuleni alikaa muhula mmoja, baba yake akafariki, akashikishwa mkasi. Ukubwani akaenda hospitali ile kunyoa wagonjwa, akasikia sauti ya mpokea simu, akawa anapita pale kwenye bodi ya simu hata siku ambazo hakuna mgonjwa wa kunyoa. Siku moja yule binti akampa karatasi iliyochapwa. Kesho yake akamuuliza, "Umeisoma?" Naye akasema, "Nimeisoma, asante." Uongo wa neno moja, ukazaa watoto na wajukuu. Angemwambia nini baadaye? Kwamba msomi kama yeye ameolewa na mtu asiyejua hata jina lake likiandikwa? Na kwa nini basi, nikamuuliza, hakumpa mtu amsomee?

"Zilete," nikamwambia. "Nitakusomea zote leo hii."

Akanitazama kama nimemwomba aniazime mswaki. "Maneno ya mke wangu yapitie mdomoni mwa mwanamume mwingine? Miaka ishirini na sita sijamruhusu mtu. Nianze na wewe, unayetangaza kuliko redio?"

Nilikasirika, lakini nilielewa.

Kesho yake, Ijumaa, alikuja na boksi la viatu kwapani na simu ya Shemeji mfukoni. Alikuwa amemwambia mkewe anaipeleka kuvishwa kava. Barua zilipangwa kwa jinsi zilivyokuja, ya zamani chini kabisa, na ingawa hakujua iliyoandikwa ndani, aliijua kila moja: hii ilikuja paa lilipovuja, hii siku binti alipoota jino. Akajifunika shuka ya kunyolea pamoja na simu, apate faragha. Tatizo, hakujua kupunguza sauti. Mimi nilikuwa nimeanza kichwa cha fundi bomba wa mtaa wa pili, nimefika nusu, wakati ile sauti ilipotoka chini ya shuka: "Sogeza juu. Ukingo wa kushoto hauonekani. Shikilia hapo." Kisha ikaanza.

"Bwana kinyozi. Nimefurahi kwamba una mkono mwepesi na mdomo mzito. Wanaume wengi ninaowapokelea simu wana kinyume chake."

Shuka ikatulia kabisa. Nikazima mashine yangu. Sikujifanya nina adabu, nilitaka kusikia.

Zikafuata nyingine tatu, tamu, sitazirudia. Ya tano ikasema, "Jumamosi nisubiri lango la nyuma. La mbele kuna watu wanaonijua." Mhariri akatoa kichwa nje ya shuka, macho yamemtoka. "Nilisimama lango la mbele saa mbili nzima! Alininunia wiki, kisha akasema amenisamehe. Mpaka leo sikujua kosa langu ni lipi!" Akarudi ndani kwa haraka.

Ya kumi na moja, simu ikasoma hivi: "Sabuni ya kufulia, miche miwili. Kiberiti. Betri za redio. Vitunguu. Chumvi, usisahau chumvi."

Kisha sauti ndogo ikatoka chini ya shuka: "Hii nilimwambia imenitoa machozi."

Fundi bomba alikuwa akijizuia kwa heshima, lakini hapo alishindwa, akacheka mpaka kiti kikazunguka. Na simu, isiyojua huruma, ikaendelea na ya kumi na mbili. "Mume wangu mpenzi. Nashukuru kwamba barua yangu ya jana ilikutoa machozi. Hata vitunguu vingekutoa machozi, kama ungevileta."

Mhariri akaitupa shuka chini. Uso wake ulikuwa umeiva.

"Alijua," akasema.

"Tangu vitunguu," nikamjibu.

Kumbe kuanzia hapo Shemeji alijipatia uhuru ambao wake wengi wangeulipia. Alipokuwa na jambo moyoni, alilichapa, akamkabidhi mumewe mkononi, naye akasema asante, maneno mazuri sana. "Unakoroma kama jenereta ya hospitali, ila jenereta ina swichi." "Leo umebishana nami kuhusu njia ya kwenda kwa dada, na mimi nisiyeona ndiye niliyekuwa sahihi. Mbele za watu nimekunyamazia. Hapa nasema: u mkaidi." Halafu ikaja moja iliyomfanya Mhariri aketi. "Kisa ulichonisomea jana hakimo gazetini. Wenzangu kazini wamesoma kurasa zote. Wateja wako walikuwa wachache, sivyo? Kilikuwa kizuri kuliko gazeti. Endelea."

Alikuwa anacheka na kujifuta macho kwa wakati mmoja. Mimi, lazima nikiri, nilianza kuona wivu. Mke wangu mimi huniambia yote mdomoni.

Tukafika karatasi ya ishirini na nane. Simu ikasema, "Hakuna maandishi yaliyopatikana." Nikafikiri ameishika vibaya. Akaijaribu ya pili. Hakuna maandishi yaliyopatikana. Zilikuwa tisa, nyeupe pande zote. Nilipozishika nilidhani zimefifia, lakini yeye akatikisa kichwa.

"Hizi nazijua," akasema. "Macho ninayo. Kwa miezi tisa alinipa karatasi tupu, moja kila mwezi, imekunjwa vizuri kama nyingine. Nilijua amechoka nami, hana tena la kuniambia. Kila mwezi nikasema asante, maneno mazuri." Akazipanga juu ya magoti yake. "Hakuna kitu kimewahi kuniuma kama hizi. Ungesema nini wewe? Ya kwanza nilikuwa nimeshaisifu kabla ya kuikunjua. Ningemuuliza mbona hujaandika, angesema, wee, na ile uliyoisifu uliisoma wapi?"

Akachukua iliyofuata, ya thelathini na saba, yenye mstari mmoja tu.

"Sawa. Nimeelewa. Sitakuuliza tena."

Hapo hata fundi bomba aliacha kucheka. Zilizobaki zilikuwa fupi, za heri ya mwaka mpya na pole ya safari, zimeandikwa kwa adabu. Utani ulikuwa umekwisha. Mhariri aliirudia ile ya mstari mmoja mara tatu, akiisogeza simu karibu kana kwamba ingeongeza neno. Mke wake alimuuliza jambo, akamuuliza mara tisa, na yeye akamjibu mara tisa kwa asante. Ni jambo gani? Simu iliyojua kila kitu haikujua hilo. Aliyelijua ni mmoja tu duniani.

Naye tukasikia fimbo yake nyeupe ikigonga ngazi ya mlango.

"Hodi, vinyozi. Kava gani hiyo inayovishwa tangu asubuhi?"

Nilimtazama Mhariri kwenye kioo. Angeweza kusema fundi amechelewa. Mdomo ulifunguka, na nina hakika uongo ulikuwa tayari, maana alikuwa na uzoefu wa miaka ishirini na sita. Kisha akasimama, karatasi zile tisa mkononi.

"Mke wangu," akasema, "mimi sijui kusoma."

Shemeji alisimama pale pale mlangoni.

"Ndiyo," akasema taratibu. "Najua. Lakini hujawahi kuniambia."

"Nimesikiliza barua zako. Zote. Hata za vitunguu." "Uliniuliza nini mara tisa?"

"Si umesikiliza?"

"Hizo hazina kitu. Ni karatasi tupu. Zilikuwa tupu siku uliyonipa."

"Tupu vipi? Nilichapa kwa mikono yangu." Alinyoosha mkono akatafuta kiti, nikamsogezea changu cha kupumzikia. Alikaa akifikiri, kipaji cha uso kimekunjamana, halafu akajipiga goti. "Stensili! Mwaka ule karani wa hospitali alikuwa akiitumia ile taipu yangu kukatia stensili, zile karatasi za nta za kurudufia. Ina kiswichi pembeni cha kuzima utepe wa wino. Akimaliza anaondoka bila kukirudisha, na mimi nakuja jioni nachapa na kuchapa..." Akaweka kiganja mdomoni. Nilidhani analia, kumbe ni kicheko, ila kicheko chenye machozi ndani. "Miezi tisa nimekuandikia bila wino! Na wewe unaniambia maneno mazuri!"

"Nilidhani umenichoka."

"Nami nilidhani umekataa."

"Nimekataa nini?"

Shemeji alinyoosha mkono, naye Mhariri akampa ile ya juu. Shemeji akaigeuza, akaipitishia vidole vyake kwa nyuma, pole pole, kama asomavyo nukta nundu. Akatabasamu.

"Nani kasema ni tupu? Nyundo za mashine zimepiga. Maneno yapo."

Niliinama kutazama. Nikavuta taa ya kioo changu, nikailaza ubavuni mwa karatasi, mwanga ukapita juu yake kwa mlalo. Na kweli, herufi zikajitokeza, mstari kwa mstari, vishimo vidogo vyenye vivuli vyake. Simu haikuviona, wala sisi wenye macho. Ningeweza kuisoma pale pale, tena kwa sauti. Safari hii nilifunga mdomo, na Mungu ni shahidi haikuwa rahisi.

Shemeji aliisoma mwenyewe, vidole vikitembea, ingawa nadhani alikuwa ameihifadhi moyoni. "Mume wangu. Najua huwezi kusoma, na najua hutaki niseme, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukwambia. Mtafute mtu unayemwamini akusomee hii. Kisha urudi nyumbani uniambie ndiyo, nami nitakufundisha. Mtu unayemwamini, si lazima wengi, mmoja tu anatosha."

Mhariri alimwinamia mkewe. Alikuwa bado ameshika zile nane nyingine.

"Nilikuwa naye huyo mmoja," akasema. "Lakini alikuwa haoni."

Shemeji akaushika mkono wake wa kulia, ule mwepesi, akakinyoosha kidole cha shahada na kukiweka mwanzo wa mstari wa kwanza, pale mwanga ulipokuwa ukiangukia.

"Haya, anzia hapa," akasema. "Hii kwangu ni kitufe cha taipu cha mstari wa chini, kulia, mwisho kabisa wa herufi. Kwako ikoje?"

"Ina miguu miwili," akasema Mhariri, "na bonde katikati."

"Inaitwa M. Twende inayofuata."

Nilikwenda kufunga mlango ili wateja wasiingie. Fundi bomba alikaa na nusu ya kichwa chake mpaka saa tisa, na hakulalamika hata kidogo.